Tatuu mpya ikianza kuwasha: namna ya kuisoma ngozi yako katika joto la Malindi

Kijana mmoja niliyemchora samaki begani alirudi kwangu siku ya tano, ameishika fulana yake kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba kaa mzima. "Dada, wino wako mbaya," akaniambia hata hajaketi. Bega zima lilikuwa limejaa vipele vidogo vidogo na linang'aa mafuta. Nikamuuliza anapaka nini. Asubuhi Vaseline, mchana mafuta ya nazi ya nyanyake, usiku Vaseline tena, na juu ya yote hayo shati la nailoni, maana anaendesha tuktuk na hataki vumbi. Ilikuwa mwezi wa Machi, nyuzi 32 kivulini, Kaskazi inakata roho na upepo hakuna. Wino haukuwa na kosa. Ngozi ilifungiwa ndani ya mafuta ikatoka harara, harara ile ile ya watoto wachanga. Tukaosha, akaacha kupaka kitu chochote siku mbili, ikakauka.

Nimeanza na yeye kwa sababu wengi wanaorudi kwangu wakilalamika wako kama yeye. Mimi nilianza kazi kwa hina na piko (ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi) za maharusi, mashine nikajifunza baadaye, na ninachokiona ni kwamba shida nyingi hazitoki kwenye chupa ya wino. Zinatoka kwenye vile vitu mtu anavyojipaka akifika nyumbani. Wino una shida zake vilevile, na vijidudu vina zao, na hizo si za kuchezea. Basi kazi ni kujua hii ni ipi.

Yanayotakiwa kutokea

Sindano hupeleka wino kwenye ngozi ya ndani, kina cha milimita 1 hadi 2. Mwili haujui kwamba umependezeshwa. Unajua umejeruhiwa, kwa hiyo unaleta damu, maji na seli za kinga. Baadhi ya seli hizo humeza wino na kukaa nao hapo hapo, ndiyo maana tatuu haifutiki kwa sabuni.

Siku ya kwanza hadi ya tatu tegemea joto, uvimbe, uchungu kama wa kuungua na jua, na majimaji mepesi yenye wino ndani yake. Yatachafua shuka, kwa hiyo tandika leso kuukuu iliyofuliwa. Kuanzia kama siku ya nne hadi ya kumi na nne ngozi inakaza, inabanduka magamba membamba yenye rangi, na inawasha sana. Kati ya wiki ya pili na ya nne ngozi ya juu huwa imefunga. Ya ndani inaendelea kujijenga miezi miwili, hata mitatu, hata kama kwa macho unaona imeshapona.

Katika muda wote huo kipimo chako ni kimoja: leo kuliko jana. Uchungu, joto na uvimbe vinatakiwa kushuka kila siku. Mwasho peke yake ndio unaoruhusiwa kupanda katikati ya safari, siku ya sita au ya saba. Ukiona uchungu ulikuwa umepoa kisha siku ya nne ukarudi na nguvu, hapo kuna neno.

Tena kuna jambo ambalo maelekezo mengi ya kigeni hayakuambii. Yanasema "tazama wekundu". Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Mahali palipowaka panageuka peusi zaidi au zambarau ya zabibu, panakaza na kung'aa. Kwa hiyo tumia mkono. Weka mgongo wa kiganja juu ya tatuu, kisha mahali kama hapo upande wa pili wa mwili, ulinganishe joto. Bonyeza pembeni polepole usikie ugumu. Halafu piga picha kila siku mahali pamoja, saa moja, karibu na dirisha. Mtu akiniletea picha za siku tano mfululizo, nusu ya kazi imeshafanyika.

Hatua ya kwanza kwa kila shida: ondoa, osha, poza

Hata kabla hujajua ni nini, acha kila ulichokuwa unapaka. Vyote. Vaseline, mafuta ya nazi, liwa, shubiri, limau, Dettol, spiriti, maji ya chumvi, na ile krimu aliyokupa rafiki yako ambayo boksi lake limepotea. Dettol na spiriti zinaunguza ngozi changa inayojaribu kuota, kisha zinazaa mwasho wake zenyewe, nawe unadhani ni wino.

Najua mafuta ya nazi yataniletea ugomvi. Sisemi ni sumu. Ngozi ikishafunga yanafaa sana kwa ukavu, na mimi mwenyewe nayatumia. Lakini yale ya kukamua nyumbani, yaliyokaa kwenye chupa ambayo kila mtu anachovya kidole, hayana haki ya kugusa kidonda kibichi.

Kisha osha. Nawa mikono kwanza. Hapa Malindi visima vingi ni vya maji ya chumvi, na mfereji ukikatika tunanunua madumu ambayo hatujui yamepita wapi. Kwa wiki mbili za mwanzo chemsha maji, yaache yapoe, uyafunike. Tumia sabuni isiyo na manukato wala rangi, povu kwenye kiganja, bila dodoki. Mara mbili kwa siku zinatosha, tatu ukiwa mtu wa jasho. Kausha kwa kugusagusa na tishu safi. Usitumie taulo ya nyumba nzima. Acha ipigwe na feni dakika kumi. Baada ya hapo, kama ngozi inakaza, paka losheni isiyo na harufu kiasi cha kufuta ukavu tu. Ikibaki inang'aa umezidisha, ifute.

Kwa anayetawadha mara tano kwa siku, maji safi yanayopita juu ya mkono hayadhuru. Kinachodhuru ni kubaki na unyevu chini ya mkono wa kanzu au wa buibui, basi kausha kila mara. (Masheikh wana lao kuhusu tatuu yenyewe, na sibishani nao hapa. Aliyekwisha kuchora ana jeraha, na jeraha lina haki ya kutunzwa.)

Kupoza ni kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, dakika kumi, mara tatu nne kwa siku. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi.

Hatua ya pili: tazama umbo

Hili ndilo jambo ninalolitegemea kuliko yote. Upele una ramani yake. Uifuate.

Vipele vidogo vinavyolingana, vinachomachoma kama sindano, vimetapakaa hadi nje ya mchoro mahali nguo inapobana au jasho linapokusanyika, vinapungua ukikaa penye upepo: hiyo ni harara. Vaa pamba, legeza, poza, acha mafuta. Siku mbili tatu inatulia. Kama kila kipele kimekaa juu ya shina la unywele, ni wembe wa kunyolea uliofanya hivyo, na dawa yake ni ile ile ya usafi na subira.

Mwasho wenye umbo la mraba au mstatili ni wa plasta. Gundi ya zile plasta nyembamba zinazoonekana kama nailoni huwakataa watu wengi, na joto letu linaongeza. Ibandue taratibu chini ya maji ya uvuguvugu, na usirudishe nyingine.

Mwasho uliofika kila mahali losheni ilipofika, ndani na nje ya mchoro, ni wa losheni. Wahalifu wakubwa ni manukato, lanolini ya sufu ya kondoo, na zile dawa za kupaka zenye neomaisini ambazo watu hununua wakidhani wanazuia usaha. Krimu za ganzi zenye benzokeini nazo zimo. Mzio (aleji) wa namna hii huja saa kadhaa au siku mbili tatu baada ya kupaka, ndiyo maana mtu hahisi uhusiano.

Na mwasho unaofuata rangi moja tu, mathalani mdomo mwekundu wa ua umeinuka huku majani yametulia, huo ni wa wino.

Kwa harara na mizio ya kupaka, kuondoa chanzo ndiyo dawa. Mwasho ukikunyima usingizi, muulize mfamasia kuhusu setirizini, dawa ya mzio ambayo kwa mtu mzima kawaida ni miligramu 10 mara moja kwa siku. Piriton nayo inafanya kazi lakini inalaza. Ukiinywa usipande boda kama dereva. Krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 inaweza kupakwa kwa siku chache kwenye ngozi nzima iliyo pembeni, si juu ya kidonda kilicho wazi. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto waanze kwa daktari.

Hapa nina ugomvi na baadhi ya maduka ya dawa. Ukienda na upele wowote unapewa zile krimu za mseto, steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) pamoja na dawa ya fangasi na antibayotiki ndani ya tyubu moja. Zinafuta mwasho kwa usiku mmoja, kweli. Lakini steroidi kali inazima kinga ya mahali hapo, na kama chini yake kulikuwa na vijidudu, umevizimia taa vifanye kazi kwa raha. Tena zinaikondesha ngozi na kuipausha. Kataa mpaka mtu aitazame ngozi yenyewe.

Rangi nyekundu

Rangi inayoongoza kwa mzio duniani ni nyekundu. Zamani ilitengenezwa kwa madini yenye zebaki. Siku hizi nyingi ni rangi za viwandani za kundi la azo, ambazo zinaweza kuvunjika zikipigwa na jua. Ubaya wake ni kwamba haina haraka. Tatuu inapona vizuri, kisha baada ya wiki, miezi, hata miaka, sehemu nyekundu inainuka, inakuwa ngumu na kuwasha, na ukikaa juani inazidi. Umoja wa Ulaya ulibana zaidi ya kemikali 4,000 katika wino wa tatuu kuanzia Januari 2022, na rangi mbili, ya buluu na ya kijani, zikafuatia Januari 2023. Chupa inayofika ufukweni kwetu kwenye begi la mgeni inaweza kuwa ya kabla au ya baada ya hapo. Kwa hiyo omba uione: jina, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Piga picha. Mchoraji akikasirika, ondoka.

Mzio wa wino hautibiki kwa losheni. Unataka daktari wa ngozi, kwa kawaida kwa steroidi ya kupaka au ya kuchoma sindano ndani ya uvimbe, na wakati mwingine kuukata. Usikimbilie leza ya kufutia tatuu kabla hujamwona. Kuivunja rangi ambayo mwili umeshaikataa ni kuitawanya, na mwili mzima unaweza kujibu.

Wewe uliyewahi kuungua na piko

Niliwahi kuchora maharusi Shela, Lamu. Bibi harusi alitaka maua meusi ti hadi viwiko, na nyeusi ya namna hiyo hina haiitoi. Hina ya kweli hutoka rangi ya chungwa, kisha kwa siku moja au mbili inaiva ikawa kahawia. Nyeusi ya papo kwa papo ni piko, na piko ni unga wa rangi ya nywele, ndani yake kemikali iitwayo PPD. Nilimpaka. Siku ya tatu nikapigiwa simu na shangazi yake: maua yote yameinuka malengelenge, kila jani na kila kikonyo, kama mtu aliyeyachora kwa mafuta ya moto. Alikaa fungate amefunga mikono. Alama za ua moja zilibaki zimepauka kwa miezi. Tangu siku hiyo sipaki piko ngozini, na mtoto simpaki hata mama yake akinililia.

Malengelenge ya piko huweza kutokea siku ya kwanza hadi wiki mbili baada ya kuchorwa. Usiyapasue. Osha, poza, nenda kliniki, kwa sababu mara nyingi panatakiwa steroidi ya daktari. Kubwa zaidi ni kwamba mwili ukishaijua PPD hausahau. Rangi ya nywele utakayopaka miaka kumi baadaye inaweza kukuvimbisha uso mzima mpaka macho yafunge. Mwili huo huo unaweza kukataa benzokeini ya krimu za ganzi na baadhi ya rangi za nguo.

Je, uliyeungua na piko usichore tatuu? Wino mweusi wa tatuu kwa kawaida ni kaboni, masizi kwa jina la nyumbani, kwa hiyo piko peke yake haikufungii mlango. Lakini niambie kabla. Nitaacha krimu ya ganzi, nitaacha rangi nyingi, nitakuchora kidoti kimoja mahali pasipoonekana na kukwambia urudi baada ya wiki kadhaa. Kidoti kikitulia si hati ya usalama, kwa kuwa mzio mwingine huchelewa, lakini ni bora kuliko kubahatisha mkono mzima.

Bahari

Wazee wetu wanasema maji ya bahari hukausha kidonda. Kwa tatuu, hapana, wala bwawa la hoteli, mpaka ngozi ifunge, na usikubali kuambiwa chini ya wiki mbili. Mimi nasema nne. Wakati wa masika mto Sabaki unamwaga udongo wa bara kwenye ghuba yetu mpaka bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa, na haubebi udongo peke yake. Hata maji safi ya joto yana vijidudu vyake. Mwaka 2017 madaktari Marekani walieleza kisa cha mwanamume wa miaka 31 aliyeogelea Ghuba ya Meksiko siku tano baada ya kuchorwa mguu. Kijidudu cha baharini kiitwacho Vibrio vulnificus kikaingia, na akafariki. Alikuwa na ugonjwa wa ini, na hapo ndipo penye onyo: mwenye ini bovu, kisukari au kinga dhaifu asijaribu kabisa. Wavuvi na vijana wa boti, chorweni wakati hamwendi baharini.

Hatua ya tatu: vijidudu vimeingia

Majimaji mepesi ya siku za mwanzo hukauka kama gundi na hayana harufu. Usaha ni mzito, wa njano au kijani, na unanuka. Ongeza hapo joto linalopanda baada ya siku ya tatu, uchungu unaodunda, ngozi iliyokaza na kung'aa, tezi zilizovimba kwapani au mtoki kwenye kinena, homa. Chukua biro uchore mstari kuzunguka ukingo wa uvimbe, andika saa. Uvimbe ukivuka mstari siku hiyo hiyo, usilale nao.

Usinunue antibayotiki, vile vidonge vya rangi mbili, vya siku mbili ukaacha ukipata nafuu. Nenda uandikiwe dozi, uimalize. Na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda kama ya mwisho ina zaidi ya miaka kumi.

Kuna maambukizi mengine yasiyopiga kelele: vinundu vidogo vinavyotokea wiki moja hadi tatu baadaye, hasa kwenye sehemu za kivuli cha kijivu, havina homa wala usaha mwingi, na havisikii antibayotiki za kawaida. Mjini Rochester, New York, watu 19 walipata hivyo miaka ya 2011 na 2012 kutokana na wino wa kijivu uliokuwa na kijidudu cha jamii ya kile cha kifua kikuu. Matibabu yake ni ya miezi. Ndiyo maana namtaka kila mteja aulize wino unachanganywa na nini. Maji ya chupa ya kunywa si maji ya hospitali yasiyo na vijidudu.

Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, ukiona kizunguzungu, homa ya kutetemeka, au mstari unaopanda kutoka kwenye tatuu kuelekea moyoni, ni hospitali saa hiyo hiyo. Malindi kuna hospitali ya kaunti ndogo, Lamu mjini kuna King Fahd. Mtu wa Faza, kisiwani Pate, asingoje usiku: boti inapita mlango wa Mkanda, na maji yakipwa haipiti.

Ukifika, sema ukweli. Nimeona vijana wakificha tatuu kwa baba, kwa mama, kwa ustadhi, mpaka mkono umevimba kama mhogo. Muuguzi anataka mambo matatu: siku ngapi, umepaka nini, unameza dawa gani. Peleka picha zako na picha ya chupa.

Usiku, mbu na jua

Mwasho hupanda usiku. Kata kucha, pigapiga kwa kiganja badala ya kukuna, lala ndani ya neti. Mbu akiuma juu ya tatuu mbichi utakuna usingizini na kigaga kitang'oka na rangi yake. Dawa ya kufukuza mbu usiipake juu ya kidonda. Mchana funika kwa pamba nyepesi. Krimu ya kukinga jua ni baada ya ngozi kufunga, si kabla.

Keloidi, kovu linaloota na kukua kupita jeraha, ni habari ya miezi, si ya siku. Mistari iliyoinuka kidogo ni kawaida. Ikianza kukua nje ya mchoro, ngumu na yenye mwasho, mwone daktari mapema. Kama sikio lako au la dada yako liliota kinundu lilipotobolewa, usichore kifua wala bega.

Yule wa samaki alirudi tena wiki ya sita. Ngozi safi, ila pezi moja limefifia pale alipong'oa kigaga akiwa usingizini. Alitaka nilijaze siku hiyo hiyo. Nikapitisha kiganja: bado pana ugumu kidogo chini. Nikamwambia arudi Julai, Kusi ikishapooza mji, na aje na shati la pamba.